Damas Ndahani, Mtu wa Kudai Ngozi

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Damas Ndahani alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 huko Kongwa, mvua ikiwa imechelewa, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Tereza, ambaye ndiye aliyetusimulia haya.

Alisoma hapo hapo Kongwa, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, na mwaka 2007 akaajiriwa serikalini, Dodoma. Bibi alipouliza kazi yenyewe ni ipi, aliambiwa ni kuchunga mashine, akaridhika, maana kuchunga anakujua.

Tarehe 14 Juni 2008 alifunga ndoa na Ritha, wakajaliwa Brighton na Sabrina, wakajenga Nzuguni.

Mwaka 2019 ofisi nne za Serikali ziliunganisha kompyuta zao na kuzikabidhi kwa kampuni binafsi, Damas akapewa kusimamia mkataba, akakosa usingizi, kwani aliona mwananchi akikwama ofisi itasema kaulize kampuni, na kampuni itasema kaulize ofisi. Akaenda Kongwa kumweleza bibi, naye bibi akamcheka, akamkumbusha ng'ombe ambao babu yake aliwaweka kwa rafiki kule Mpwapwa, na kila alipokufa mmoja, rafiki alikuja kwa miguu na ngozi begani, akaeleza amekufaje, asije akadhaniwa amemla. Damas akarudi, akawaambia wakubwa kikaoni, "Wachunge wao, lakini ng'ombe ni wetu. Akifa, waje wenyewe na ngozi."

Walicheka, wakambandika jina la Mzee Ngozi, ila sharti likaandikwa kwamba mfumo ukianguka, mkuu wa kampuni afike mwenyewe kueleza. Mkuu huyo, Bwana Wambura, mara ya kwanza alipiga simu, akajibiwa kwamba ngozi haipiti kwenye simu, basi akaja, akasimama mbele ya wananchi waliojaa koridoni, jasho likimtoka, akaeleza.

Figo zilianza kumsumbua Damas Februari 2023, akatibiwa hapa Dodoma hadi alipofariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Siku hiyo hiyo mfumo ulianguka. Hakuna aliyemwita Wambura, lakini jioni alifika msibani na karatasi mkononi, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta ngozi, mwenyewe sikumkuta."

Bibi, ambaye hajui kusoma, aliipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba, baba. Kaa, unieleze amekufaje."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nzuguni mliotuchotea maji na kutupikia, na wafanyakazi wenzake wote.

Damas wetu, pumzika kwa amani, ngozi tutazipokea sisi.