Habari Aliyonificha Mjomba Wenu Uwanjani

Sikilizeni wanangu, na msogee karibu, maana pumzi niliyobaki nayo haifiki dirishani. Pelagia, acha kunifunika, mimi si unga wa mkate unaosubiri kuumuka. Nyumba hii ni yako, pamoja na paa lake linalovuja. Feliks, njiwa ni wako, na gari pia, ukiweza kuliwasha. Mkigawana vyombo vya mama yenu msinuniane, wala jirani asiingie kati yenu, kwani ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Najua mjomba wenu Wincenty yuko jikoni. Nimesikia kikohozi chake, na nimenusa soseji aliyoleta, kana kwamba anayekata roho huhongwa kwa soseji. Pelagia anataka nipatane naye kabla sijaondoka. Basi kijueni kwanza kisa chenyewe, maana mama yenu Bronia, Mungu amrehemu, alikisimulia kwa kumpendelea kaka yake.

Miaka ile kabla ya vita, mji wetu wa Kolmont ulikuwa na timu ya besiboli ya kulipwa, ingawa malipo yenyewe yalikuwa ya kununulia viatu na bia. Mimi nilikuwa mrushaji, shemeji yangu mdakaji, akichuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma usoni. Jumapili moja niliamka na mkono uliobarikiwa: zamu baada ya zamu, hakuna mgeni aliyeupiga mpira wangu akafika hata kituo cha kwanza. Na desturi mnaijua: mrushaji akiwa katika hali hiyo hasemeshwi, bahati isije ikakimbia. Wenzangu wakahamia mwisho wa benchi, wakaniacha peke yangu kama mwenye ndui.

Kumbe katikati ya mchezo bibi yenu, mama mkwe wangu, alimtuma mtu uwanjani: Bronia amejifungua salama, mtoto wa kike. Habari ikamfikia Wincenty, naye akainyamazia. Aliwanong'oneza wenzake, wenzake wakamwambia muuza bia, muuza bia akawatangazia watazamaji. Padri alijua. Wapinzani walijua. Hata refa alinitazama kwa huruma, mtu ambaye hakuwahi kumhurumia hata mkewe. Uwanja mzima ulijua kuwa nimekuwa baba, isipokuwa baba mwenyewe.

Zamu ya mwisho, akibaki mpigaji mmoja tu, nikamtazama Wincenty anipe ishara ya namna ya kurusha, nikaona machozi yanamtiririka chini ya barakoa. Jitu zima lile, ambalo lilivunjwa vidole bila kuguna! Nikasema moyoni, Bronia wangu amekufa kwa uzazi. Nikarusha mpira mlegevu ambao hata padri angeupiga, na yule kijana akaupeleka mpaka kwenye ua. Hapo ndipo shemeji akaja polepole, akavua barakoa, akasema, "Shemeji Bole, bahati imeshavunjika, sasa naweza kusema. Umepata binti."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu zamu ya tano."

Nilimtandika ngumi palepale. Nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amechoka kunisubiri, amekwisha kumpa mtoto jina lake mwenyewe. Nisamehe Pelagia, umeshalizoea, lakini mimi nilikuwa nimekuwekea Halina.

Tangu siku hiyo nilimkataza Wincenty kuvuka kizingiti changu, na mama yenu akawa anampitishia chakula cha Krismasi juu ya ua. Hasira hasara, wanangu. Nilikuwa nampenda mtu yule kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na hakuna aliyepata kuudaka mpira wangu kama yeye. Nimemkosa sana.

Sasa... nipe maji, Feliks. Nizikeni ubavuni mwa Bronia. Padri asiseme sana. Mungu awape riziki ya halali, na watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi... Mpendane. Mwiteni.

Ingia, Wincenty. Usisimame mlangoni... kaa hapa, kitandani. Usijifiche uso, shemeji. Lia tu. Leo najua unalilia nini.