Mwenye Bucha Asiyekula Nyama

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Mnaniona nimesimama kwa miguu yote miwili, na kiatu nilichovaa ni cha kufunga kamba. Wale walioniona mwaka juzi wanajua hilo peke yake lingetosha, ningewaonyesha kiatu nikakaa. Lakini mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa dakika kumi, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukataa kitu nilichopewa. Ndiyo maana niliumwa.

Nina bucha hapa Tunduma, upande wa foleni ya malori, na pembeni yake jiko la kuchomea nyama. Majina ya watu sitayataja. Wengine wamo humu ndani, na mmoja ameshaanza kucheka kabla sijafika kwake.

Nimezaliwa Itaka, kwa wakulima wa kahawa. Kwetu nyama ilikuwa ya Krismasi na ya mgeni, na sisi tulikuwa watoto tisa. Ikigawiwa, mimi wa saba napata mfupa ambao wenzangu sita wameshaumaliza. Nikiwa na miaka minane nilijiapiza kwamba nikikua nitakula nyama mpaka yenyewe iniombe msamaha. Ndugu zangu, nawaambia, muwe waangalifu na viapo mnavyoapa mkiwa na njaa.

Nikakua, nikapata bucha. Asubuhi supu ya makongoro na chapati tatu. Saa nne maini. Mchana mbavu, na jioni chochote kilichobaki kwenye kulabu, maana nilikuwa nakionea huruma kulala peke yake. Juu ya hayo nilikuwa na desturi moja ya biashara. Kila siku, kabla sijamkatia mteja wa kwanza, nachukua kipande cha ng'ombe wa siku hiyo, nakichoma, nakila nimesimama mlangoni watu wananiona. Muhuri wa mkaguzi upo pajani, lakini watu wa Tunduma wameona mihuri mingi sana pale mpakani. Wao walikuwa wanaangalia mdomo wangu. Ukitafuna wewe mwenye bucha, na wao wanatoa mifuko.

Na nilikuwa na maringo. Mteja akiniambia daktari amemwambia apunguze nyama, namwambia huyo daktari hajui kuchoma. Watu wanacheka, na yeye ananunua kilo.

Basi asubuhi moja dole gumba la mguu wa kulia likaamka kabla yangu. Limevimba, limekuwa jekundu, linang'aa. Mke wangu akapita karibu, pindo la khanga likaligusa, nikatoa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Mke wangu ni wa Ileje, kule Itumba milimani, si mtu wa kukimbilia kuhurumia. Akaliangalia dole, akaniangalia na mimi, akasema tujiandae twende hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniuliza nyama nakula mara ngapi. Nikamuuliza, kwa wiki au kwa siku? Akaweka kalamu chini. Akaniambia ni gauti, akanipa dawa, akasema maini na supu niache, na nyama nyekundu niipunguze sana. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi kupunguza sikujui. Mke wangu akadakia kwamba ni kweli kabisa, huyu ukimpa kipande umempa sinia. Tukakubaliana palepale, daktari akiwa shahidi, kwamba nyama naiacha yote. Nikauliza habari ya kuku. Mke wangu akasema kuku naye ana nyama. Nikauliza dagaa. Nikaangaliwa tu.

Wiki ya kwanza nilikula majani ya maboga. Ya pili mnafu. Ya tatu chainizi, halafu majani ya maboga yakarudi, yametiwa karanga nisiyatambue. Nilinung'unika kila mlo. Nikikaa mezani namuuliza mke wangu, hivi ng'ombe leo wamekula nini, maana naona siku hizi mpishi wetu ni mmoja. Yeye anaendelea kula. Tumbo nalo halikuwa limezoea, likawa linazungumza kanisani wakati wa sala ya kimya. Kazini nashinda na shoka mkononi, nyama imenizunguka pande zote, mimi natafuna karoti. Siku moja nilisimama nanusa ubavu wa ng'ombe muda mrefu mpaka mteja mmoja akauliza kama umeharibika.

Nadhani maneno yalianzia hapo. Watu walikuwa wameshaona kwamba mlangoni sionji tena. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa kila Jumamosi, nusu kilo ya steki bila mfupa, akaniuliza, "Mzee mwenzangu, mbona siku hizi huli?" Nikamwambia nimeshiba. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, nikamwambia nimefunga. Ya tatu hakuniuliza, na hakununua.

Baada ya hapo nikasikia kwa mwendesha bajaji kwamba mjini wanasema yule bwana hali nyama yake kwa sababu anaijua. Wanasema ni punda.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Paja zima lilishinda kwenye kulabu mpaka jioni, na kesho yake mawili. Mtaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Ndugu zangu, hebu jiwekeni kwenye aproni yangu. Nikinyamaza, ni punda. Nikisema, itabidi nisimame mlangoni pa bucha nitangaze kwamba nyama imeniangusha, njooni mnunue. Na wale wote niliowacheka kwa habari za madaktari wangekuja kwa zamu kunitazama. Niliona bucha linakufa mikononi mwangu.

Wakati huohuo alikuwa anapita mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo hapo, na beseni la chikanda. Wengi mnakijua. Ni mizizi ya porini, wanaitwanga, wanaipika na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka inaganda, kisha wanakata vipande. Nilinunua kimoja kwa njaa tu. Nikakiangalia mkononi. Rangi ya kahawia iliyoiva, laini, kimekatwa bapa. Ndugu zangu, kile kitu kilikuwa maini matupu.

Kesho yake asubuhi nilikiweka jikoni kikapata alama za wavu, nikakinyunyizia chumvi, nikasimama mlangoni nikatafuna. Nikasema kwa sauti kwamba maini ya leo yametoka vizuri. Kabla ya saa tatu mwalimu alikuwa amerudi.

Nikapanga na yule mama awe ananiletea kila siku saa kumi na mbili, mlango wa nyuma, watu hawajaamka vizuri. Wiki tatu mambo yalikwenda. Lakini uongo nao una wateja wake. Watu wakaanza kusema nikatie maini kama hayo yako. Nawakatia ya ng'ombe, wanakwenda kupika, wanarudi kulalamika kwamba ni magumu, si kama ninayokula mimi. Mmoja akanyoosha mkono kwenye sahani yangu aonje, nikaikumbatia sahani. Basi likazuka jipya, kwamba yule bwana mazuri anajiwekea mwenyewe. Nilitoka kwenye punda nikaingia kwenye uchoyo.

Na habari ikafika nyumbani. Mke wangu akaambiwa sokoni kwamba mumeo amerudia maini, tena anayala kwa furaha. Aliponiuliza nikamwambia si maini, ni chikanda. Akasema hata mlevi husema ni maji. Kutoka siku hiyo hakuzungumza na mimi. Anapika majani yake, anapakua, anakaa mbele yangu, anakula, haniangalii. Mnaojua nyumba yangu mnajua ilivyo na kelele. Ikawa kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko dole.

Sasa Jumamosi moja mama wa Nakonde hakutokea saa kumi na mbili. Nilikuwa na kipande cha jana, nikakichoma hichohicho. Saa nne bucha limejaa, mwalimu yuko mbele, mimi natafuna. Mara mke wangu akaingia. Hajawahi kuja bucha Jumamosi. Alikuja kunifumania, na alinikuta na sahani mkononi na mdomo umejaa. Macho yake yalijaa machozi, akageuka atoke.

Mlangoni akapishana na mama wa Nakonde, beseni kichwani. Yule mama hakuwa na habari ya siri yangu yoyote. Alipiga goti, akaniita babu kwa lugha na heshima ya kwao, akasema kwa sauti nzuri ya kutosha bucha zima, "Bashikulu, mnisamehe mukwai, leo mpakani palijaa. Chikanda chenu hiki, kile cha kila siku."

Akafunua beseni.

Mwalimu akaangalia beseni, akaangalia sahani yangu, akachukua kipande bila kuomba, akatafuna taratibu. Akasema, "Hii ni mizizi."

Nyuma huko mtu akasema, si tuliwaambia ni punda. Mwingine akasema aitwe bwana afya. Wakaanza kuingia hata wasiokula nyama. Kisha jamaa mmoja mrefu akachukua kipande cha maini ya kweli kutoka jikoni kwangu, kinachuruzika mafuta, akakiweka mbele yangu juu ya gogo. Akasema, "Kama ni ng'ombe, kula tukuone."

Niko mbele yenu sitadanganya. Mate yalinijaa. Kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi, nimepata sababu na mashahidi. Tonge moja, bucha limepona. Nikakishika kile kipande. Mke wangu alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Alikuwa anaangalia miguu yangu.

Nikakirudisha. Nikakaa kwenye benchi, nikavua gambuti. Dole lilikuwa limepungua lakini limebaki na nundu, na kucha imepinda, si kitu cha kuonyesha mahali pa chakula. Nikalinyoosha katikati ya watu.

"Nyama ni ya ng'ombe, muhuri huo hapo," nikasema. "Haina tatizo. Tatizo ni mimi. Nina gauti. Ya kwangu nimeshaila yote, na ya wajukuu nimeigusa. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu."

Mwalimu akainama, akalikagua dole kama anasahihisha daftari. Halafu akaniambia nisogee. Akakaa kwenye benchi pembeni yangu, akafungua kamba za kiatu, akavua soksi. Ndugu zangu, lilikuwa pacha wa la kwangu.

Akasema ana mwaka mzima. Hiyo nusu kilo ya Jumamosi alikuwa anamwambia mkewe ni ya wageni, na wageni hawajawahi kufika. Yule jamaa mrefu akasema yeye hana dole, ila ana sukari na hajamwambia mtu. Mama mmoja akasema presha. Yule aliyetaka kuita bwana afya akauliza hicho chikanda kinauzwaje. Kikundi hiki chetu cha wenye masharti ya daktari kilianzia kwenye benchi lile, watu wawili hawana viatu.

Sitawadanganya kwamba wateja wote walirudi. Wapo wanaoamini punda hadi leo, nimewaacha. Lakini ilibaki ile desturi ya mlangoni, nani ataonja? Jumatatu asubuhi mke wangu akaja nami kazini, akajifunga khanga kiunoni, akasema, "Lete, nitaonja mimi."

Nikamchomea kipande kizuri cha paja. Akasimama mlangoni watu wanamwona, akaweka mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu mno. Nikaingiwa na wasiwasi, nikamuuliza kama ni ngumu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nilikuwa nimesahau ladha yake."

Ilinichukua muda kuelewa. Yule mwanamke tangu siku ile ya hospitali alikuwa hajagusa nyama. Miezi minane. Hakuna aliyemkataza, dole lake ni zima, na ni mke wa mwenye bucha. Mimi nimekaa mbele yake kila siku nalalamika kuhusu majani kana kwamba nimefungwa peke yangu, na yeye anakula yaleyale. Hata siku zile alizoamini kwamba nimemsaliti kwa maini, hakurudi kwenye nyama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningemwambia arudie nyama, na kisha ningeona hata mimi naweza kuirudia. Nililia pale kwenye mizani, mteja ananisubiri na mfuko wake.

Namshukuru yule binti daktari, aliyeweka kalamu chini akanisikiliza. Namshukuru mama wa Nakonde, ambaye sasa beseni lake lipo mlango wa mbele, na Jumamosi anamaliza kabla yangu. Namshukuru mwalimu kwa kuvua soksi. Na mke wangu yupo hapo nyuma, amejificha kwenye kilemba cha mwenzake, namshukuru mbele yenu kwa sababu nyumbani nikianza ananiambia nyamaza ule.

Funzo langu ni dogo. Daktari akikupa sharti, rudi nyumbani ukaseme, na kazini ukaseme hivyohivyo, ili usiwe na uongo wa kulisha kila asubuhi. Na leo ukikaa mezani, kabla ya kulaumu kilichopakuliwa kwako, angalia kwanza mwenzio anakula nini.