Nani Aliyelionyesha Jiko

Mkabala na geti la nyuma la chuo kikuu cha ufundi kuna duka la kinyozi, na nje ya duka kuna benchi ambalo mguu wake mmoja umeegeshwa kwenye tofali. Hapo ndipo mambo ya chuo huamuliwa, ingawa chuo chenyewe hakina habari. Mwenye benchi ni Kinyozi, ambaye hukaa na mkasi mkononi hata siku isiyo na kichwa cha kunyoa. Kushoto kwake hukaa Waziri, mstaafu wa masjala ya chuo, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe, na hajawahi kukubali kwamba kuna kikao kilichofanyika bila yeye kukijua. Kulia hukaa Spika, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa Mungu hakumpa sauti ya chini. Mbele yao, juu ya kigoda, hukaa Shangazi na birika lake la kahawa, na chini ya birika kuna jiko dogo lisilotoa moshi. Shangazi ni wa benchi zima, lakini kwa damu ni wa mtu mmoja tu, mhadhiri mwembamba wa hapo chuoni aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Huyo mhadhiri kijiwe kilimbandika jina la Hataza.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Siku moja aliwaeleza kwamba hataza ni hati ya kuthibitisha kuwa kitu fulani umekibuni wewe, na asikitengeneze mtu mwingine mpaka mkubaliane. Walilipenda neno kuliko maelezo yake. Wakamvisha papo hapo, hati yenyewe ikiwa bado haijapatikana, maana pale kijiweni vyeo hutolewa mapema.

Alasiri hiyo Hataza alikuja akitokea ofisi ya hataza mjini, macho chini, akitembea kama mtu aliyedondosha kitu njiani. Alikuwa na jambo la kumwambia shangazi yake, wawili peke yao. Akakuta benchi zima linasherehekea.

— Huyo anakuja, alisema Spika. Sogeeni, mtu akae.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Shangazi, na kikombe kikawa kimeshajaa kabla hajaketi.

— Habari umeipata? Spika aliinua simu yake. Chuo kinatangaza fursa za ufadhili wa utafiti. Fursa, nasoma kama walivyoandika. Watakaofikiriwa ni wenye hataza, au walau wenye ombi lililokubaliwa. Dirisha linafungwa Ijumaa.

— Naijua.

— Nani asiyeijua, alisema Waziri. Mimi naijua tangu ikiwa rasimu.

— Basi kazi imekwisha, alisema Kinyozi. Hataza ya jiko inatoka, ufadhili unaingia, maabara haifungwi. Mimi suti nimeshaichagua.

— Ya kwendea wapi?

— Sijui. Lakini nimeshaichagua.

Shangazi alicheka. Zamani kicheko chake kilikuwa hakifiki mwisho, kilikatikia kwenye kikohozi, akainama mpaka machozi yakamtoka. Siku hizi kilikuwa kinafika.

— Wamelikataa, alisema Hataza.

Mkasi wa Kinyozi ulikata hewa mara moja, ukatulia.

Wote walijua maana yake, hapakuwa na haja ya kufafanua. Bila hataza hakuna ufadhili, na bila ufadhili mkataba wake unakufa pamoja na mradi. Mkuu wa idara alishamwita, akamwambia kwa upole kabisa, upole wa kumwambia mtu asubiri nje, kwamba maabara ile itafanywa stoo ya viti vibovu. Hataza alikuwa na kisomo cha miaka mingi kilichotoka ndani ya birika lile lililokuwa mbele yake, na sasa alikuwa anarudi kwa mwenye birika mikono mitupu. Aliona haya. Si haya ya kushindwa tu, aliona haya kwa kuwa bado anapewa kikombe cha kwanza.

— Wamesemaje hasa? aliuliza Shangazi.

Hapo angeweza kudanganya. Angesema vipimo havikutosha, nani angebisha? Lakini kumdanganya Shangazi hakuwahi kujifunza.

— Wamesema si jipya. Kitu kikiombewa hataza kinatakiwa kiwe hakijawahi kuonekana na watu. Langu lilishaonekana kabla sijaomba.

— Limeonekana wapi? Spika alisimama. Nani kalionyesha?

Hataza alitazama ndani ya kikombe. Jibu alikuwa nalo. Yule ofisa wa mjini, mtu mwema, aliyeonekana kuumia kweli, alikuwa amemgeuzia kioo cha kompyuta amuonyeshe picha. Ilikuwa picha ya benchi hili. Jiko katikati, birika juu, Kinyozi na mkasi wake, Waziri kakunja nne, Spika kanyosha mkono wa kujipiga picha na dole gumba la mkono wa pili liko juu. Chini yake maneno: jiko la mtoto wetu hili, halina moshi, njooni mlione. Spika aliirusha mtandaoni zamani ulimwengu wote uone, wakati ombi la Hataza bado limelala kwenye kamati ya chuo likisubiri ada ya kuliwasilisha. Shangazi alikuwa anacheka kwenye picha ile, kicheko kizima. Pamoja na yote, Hataza alikuwa amefikiri kwamba hajawahi kuona picha ya shangazi yake nzuri kama ile.

Na aliyelileta jiko hapa ni yeye mwenyewe. Alilibeba kutoka maabara, limefungwa kwenye koti lake la kazi, kwa sababu kifua cha Shangazi kilikuwa kimefika pabaya na hakuweza kungoja kamati.

— Hii ni siasa ya ndani, alisema Waziri. Mimi nimekaa masjala, naijua harufu yake. Mkuu wa idara alitaka jina lake litangulie. Alipokosa, akalivujisha kimkakati.

— Alilivujishaje?

— Kimkakati. Nimeshasema.

— Mzee Waziri, mkuu wa idara hata hajui linavyofanya kazi, alisema Hataza.

— Ndio mkakati wenyewe huo.

Kinyozi alitikisa kichwa, akawaonea huruma.

— Hamkumbuki wale wageni waliokuja kukagua maabara? Mmoja nilimnyoa mimi. Ile ndevu haikuwa ndevu ya mkaguzi. Na kichwa chake kilikuwa kinachemka. Mtu mwenye siri ya watu kichwani huchemka, nimeshika vichwa vingi, nawaambieni.

— Alikuwa na homa.

— Homa ya nini sasa? Jiulizeni.

— Na kifungo cha shati lake, alidakia Spika, si kilikuwa kikubwa?

— Kikubwa sana. Nilidhani ni fasheni.

— Kamera ile.

— Basi nimemnyoa jasusi, alisema Kinyozi taratibu. Na nikampaka poda.

Hataza alijaribu kubadilisha mazungumzo. Akauliza habari za watoto wa Kinyozi. Wakamjibu kwamba hawajambo, wakaendelea.

— Nyinyi mnahangaika na vifungo, alisema Spika. Dunia imekwenda mbali. Kuna mitambo huko juu inazunguka, kazi yake kuangalia chini tu. Sasa wewe jifanye mtambo. Ukitazama huku kwetu, kila palipo na jiko unaona moshi. Hapa moshi, pale moshi. Halafu unaona mahali pamoja watu wanakunywa kahawa ya moto, na moshi hakuna. Utaacha kushangaa?

Kahawa ilimpalia Hataza. Shangazi akampigapiga mgongoni.

— Mwacheni mtoto, alisema. Hamwoni mnamtonesha?

— Tunamtetea, Shangazi.

— Mimi nasema haikuwa mtambo, alisema Waziri, ambaye hapendi kuachwa nyuma. Kuna mtu nchi nyingine, kazaliwa siku moja na huyu, saa moja na huyu. Huyu akiwaza, yule anaota. Asubuhi anaamka anaandika. Kisheria hapo huna pa kumshika.

— Kwa hiyo alale mchana? aliuliza Kinyozi. Huyu wetu, awe anawaza yule akiwa macho?

Walilijadili hilo kwa makini. Hataza aliwasikiliza, na kila neno lilimchoma, kwa sababu hapakuwa na mmoja aliyekuwa anatania. Walikuwa wanamtafuta adui yake kwa moyo wote. Kama wangekuwa watu wabaya angewaambia pale pale, akainuka, akaenda zake. Alijiona yuko peke yake kuliko alivyokuwa mbele ya yule ofisa.

— Nikimpata aliyelionyesha, alisema Kinyozi, simnyoi. Atatembea na nywele zake mpaka kaburini.

— Mimi simu yake siigusi, alisema Spika. Nyumba nzima. Hata ya mkwewe.

— Mimi kahawa yangu haonji, alisema Shangazi, na alipolisema yeye halikuchekesha.

Wakati huo alikuwa amefika mtu asiyejulikana kijiweni, fundi rangi, ngazi begani na kopo mkononi. Aliegemeza ngazi ukutani, akasalimia, akaomba kahawa. Shangazi akampa. Alikunywa akiwasikiliza kwa heshima, kama anavyofanya mtu aliyekuta ugomvi wa ukoo.

— Samahani, wakubwa, alisema mwishowe. Hilo jiko lililokataliwa ni la namna gani?

Spika hakungoja kuulizwa mara mbili.

— Jiko la mtoto wetu huyu. Lina ukuta mara mbili. Moshi ukitaka kutoka unarudishwa chini, unaungua tena. Mkaa kidogo tu, siku nzima. Unaweza kukaa nalo hivi, magotini, usikohoe.

Fundi rangi aliinamisha kichwa, akachungulia chini ya birika.

— Kama hili?

Waziri alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati, shati lile lililopigwa pasi. Kinyozi aliweka mkasi chini. Spika alikuwa ameshika simu, dole gumba linapandisha, linapandisha, likarudi nyuma siku nyingi, mpaka likasimama. Alikiangalia alichokikuta. Kisha akaigeuza simu, kioo kikalala pajani.

Shangazi hakumtazama mtu. Aliteremsha birika. Akachukua ndoo yake ya kusuuzia vikombe, akamwaga maji kando, akaipindua ndoo, akalifunika jiko.

— Ungeniambia, alisema. Ningekaa na moshi wangu.

— Ulikuwa hulali, Shangazi.

— Kutolala nilishazoea.

Hataza alipiga goti kwenye vumbi, akaiondoa ndoo, akalirudisha birika mahali pake, akalisawazisha kama alivyofanya siku ile ya kwanza.

— Liache, alisema. Kahawa itapoa.

Fundi rangi hakujua alichokifanya, lakini alijua amekifanya. Alimaliza kikombe haraka, akakirudisha kwa mikono miwili, akaichukua ngazi yake.

— Mnisamehe. Nimetumwa humo chuoni, kuna mlango nafuta maandishi naandika STOO. Wameniambia ni maabara ya zamani. Sijui nishike upande gani.

Benchi lilitazama chini. Waziri, aliyeijua kila korido ya chuo kile, alizidi kufuta miwani.

Hataza alisimama, akajipangusa magoti.

— Twende, alisema. Ufunguo ninao mimi.

Akashika ncha moja ya ngazi, fundi rangi akashika nyingine, wakavuka barabara kuelekea getini. Spika alinyanyuka. Kwa mara ya kwanza kijiwe kilimsikia akitumia sauti ya chini.

— Hata..., aliita, na jina likamkatikia hapo.