Wilkista Nasike, Aliyemwonyesha Waithaka Miji

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mama Wilkista Nasike Waithaka alitoka nje na leso yake mabegani, akainama kwenye turubai la mahindi, akaokota punje moja na kuing'ata. Ikilia kati ya meno alisema, "Tayari." Isipolia alisema, "Bado," akawatemea kuku na kurudi ndani. Hata miezi ambayo turubai lilikuwa limekunjwa na kuwekwa stoo, alitoka tu, akasimama mahali pale, akarudi. Wajukuu walipomwuliza alikuwa ameenda kuangalia nini, alisema alikuwa ameenda kuangalia asubuhi.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 karibu na soko la Sirisia, Kaunti ya Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wepukhulu na marehemu Mama Sellah. Mama yake aliuza maharagwe sokoni, na kazi ya kwanza aliyopewa Wilkista maishani ilikuwa kuyachagua. Inasemekana alipofika miaka saba aliweza kutia mkono kwenye gunia na kusema kama litaingia wadudu kabla ya Krismasi. Wateja wa mama yake hawakufurahia jambo hilo kila wakati.

Alisoma shule ya msingi hapo Sirisia kuanzia mwaka wa 1964, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana mjini Bungoma, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1974. Alipenda jiografia. Ramani ya Afrika Mashariki aliyochora kidato cha pili, ikiwa na maziwa yaliyopakwa rangi ya samawati, aliitunza kwenye sanduku lake hadi mwaka huu. Kimo cha milima hakukikumbuka vizuri, lakini majina ya miji aliyajua yote kwa mpangilio wa barabara.

Mwaka wa 1976 aliajiriwa katika ghala moja la nafaka mjini Kitale, na akafanya kazi hapo miaka thelathini na mitano hadi alipostaafu mwaka wa 2011. Kazi yake ilikuwa kukagua mahindi. Malori yakipanga foleni, yeye alipita na bambo, kile chuma chenye ncha kinachodungwa kwenye gunia ili kutoa punje za katikati, akaziangalia, akang'ata moja, akatoa uamuzi. Mashine ya kupima unyevu ilikuwepo, na mara nyingi ilikubaliana naye. Madereva walimpa jina la Sista Bado. Alilijua jina hilo na hakulikataa.

Mwezi wa Oktoba 1979 lilifika lori lililoendeshwa na kijana aitwaye Waithaka, mwana wa Mzee Muigai, ambaye familia yake ilikuwa imetoka Nyeri na kununua shamba Kiminini. Wilkista alidunga bambo, akang'ata, akatikisa kichwa.

"Dada, hii mahindi imekauka kuliko mimi," Waithaka alilalamika.

"Wewe sijakung'ata. Mahindi ndiyo nimeng'ata. Shusha, uanike."

Madereva wengine walicheka hadi wakashika magurudumu. Waithaka alishusha magunia yote, akaanika uani, na kila siku saa nne Sista Bado akaja kung'ata. Ilichukua siku tatu. Siku ya tatu walikunywa chai pamoja kwenye kibanda nje ya geti. Mzee Waithaka, ambaye sisi wajukuu tunamwita Guka, husema mpaka leo kwamba mahindi yale yalikuwa tayari siku ya pili. Kukhu, kama tulivyomwita marehemu, alisema mpaka mwisho kwamba yalikuwa bado.

Walifunga ndoa kanisani mjini Kitale Jumamosi tarehe 12 Desemba 1981. Kabla ya hapo kulikuwa na ziara ya kwanza ya Waithaka nyumbani kwa wakwe, ambayo wazee wa Sirisia hawajaisahau. Alikaribishwa kwa kuku mzima, na firigisi ikawekwa juu, kwa sababu kwao firigisi ni heshima ya mwanamume na mwanamke haigusi. Hakuna aliyemwambia. Kwao Kiminini mambo hayo hayakuwepo. Basi kijana wa watu aliichukua firigisi, akaikata katikati kwa kisu, akampa Wilkista nusu. Mzee Wanjala, kakake marehemu ambaye tuko naye hapa, anasema alitamani kuingia chini ya meza. Halafu Mzee Wepukhulu akasema, "Wacheni. Mgeni hajui, lakini mkono yake imeenda pahali pazuri." Wilkista alikula nusu yake, mbele ya wajomba wote. Tangu siku hiyo, katika nyumba yao, firigisi ilikatwa katikati.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Kizito Muigai na Nduta.

Guka aliendesha malori ya nafaka miaka thelathini na minane. Alifika Kampala, Kigali na Mwanza mara nyingi kiasi cha kutoweza kuhesabu, lakini mwenyewe husema kwamba mjini Kampala alichojua ni geti la ghala na choo. Alipakua, akalala kwenye kebini, akarudi. Siku ya harusi alimwahidi mkewe kwamba siku moja watapita barabara hiyo wakiwa abiria, waione miji kama watu. Ahadi hiyo ilikaa. Kulikuwa na karo, kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na msimu wa kupanda. Mwaka wa 2017 Guka alipatikana na presha ya macho, akaacha kuendesha. Kufikia Januari 2023 alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na daktari akasema bomba hilo lingezibika ndani ya mwaka mmoja hivi.

Mwezi wa Mei mwaka huo marehemu alitangaza mezani kwamba ile safari waliyoahidiana imefika, hadi kwa simba wa Serengeti. Watoto walishangaa.

"Mama, kama ni simba, si Mara iko hapa tu?" Kizito alimwuliza.

"Baba yako amepeleka mahindi Mwanza miaka yote hiyo na hajawahi kuiona. Simba tutampata huko njiani."

"Na mkiugua?"

"Kwani huko hakuna hospitali? Kula chakula, Kizito."

Waliondoka Jumatatu tarehe 5 Juni 2023 wakiwa na begi moja, chupa ya chai, na ramani ya kidato cha pili. Walikuwa nje siku kumi na tisa. Mambo ya safari hiyo tunayajua kutoka kwa Guka, ambaye ameyasimulia mezani mara nyingi, kila mara kwa mpangilio uleule.

Kampala walipanda hadi kwenye kanisa lililo juu ya kilima, wakaketi ukutani. Marehemu alimshika mume wake kichwa kwa mikono miwili na kukizungusha polepole, kilima hadi kilima, ili kila kitu kipite kwenye lile bomba lake. Ndivyo walivyoona miji yote. Watu walikuwa wakiwatazama. Guka alisema, "Mama Kizito, utaning'oa shingo," naye akajibu, "Nyamaza, bado hujafika mwisho." Baadaye sokoni alishindwa kujizuia, akang'ata mahindi ya mfanyabiashara mmoja.

"Mama, unanunua ama unakula?" yule bwana akamwuliza.

"Nakuonya. Hii gunia ya nyuma itaoza."

Yule bwana alikasirika. Kisha alifungua gunia la nyuma, akanusa, akawaletea viti.

Kigali ilimtisha marehemu kidogo kwa usafi. Alikula machungwa asubuhi, na kwa kuogopa kukosea akabeba maganda kwenye mkoba wake siku nzima, ingawa walipita mapipa mengi ya taka. Guka aliyagundua jioni alipokuwa akitafuta miwani.

Kutoka Kigali walipanda basi la Tanzania hadi Mwanza. Hapo marehemu alilala siku nzima hotelini. Alisema ni uchovu wa basi. Guka alimletea uji mwenyewe, akishika ukuta wa korido kwenda na kurudi, na alijivunia sana kwamba hakumwaga. Kesho yake marehemu aliamka, akavaa, akasema waende wakaone mawe makubwa yaliyo ziwani.

Kisha wakaingia Serengeti, siku tatu, kwa gari la watalii lililofunguliwa juu. Dereva aliwaita Babu na Bibi, akawaamkia shikamoo kila asubuhi, na alikuwa na subira. Siku ya kwanza alizima gari na kunong'ona, "Babu, umemwona simba? Pale chini ya mgunga."

"Naona majani," Guka akasema.

Marehemu alikishika kichwa chake, akakisogeza kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. "Hapo. Usitingishike. Unaona nini?"

"Sikio."

"Basi ngoja. Mengine yatafuata."

Walingoja dakika arobaini. Simba alipoinuka na kupita mbele ya lile bomba, kipande kwa kipande, Guka alilia. Dereva naye alifuta macho, akasema ni vumbi. Twiga ndio waliomsumbua, kwa sababu ya urefu. Ilibidi marehemu amwinamishe na kumwinua kama anayepiga pampu ya maji, hata wakaanza kucheka wote watatu, na twiga wakakimbia. Nyumbu walivuka barabara kwa saa nzima, na hao hakukuwa na haja ya kuelekeza.

Walirudi kupitia Sirari na Kisumu, wakafika Kitale tarehe 23 Juni. Guka alipoteza uwezo wote wa kuona mwezi wa Februari 2024.

Mwezi wa Julai 2023 marehemu alituambia kwamba ana saratani iliyoanzia kwenye titi, na kwamba ilikuwa imefika kwenye mifupa. Alianza matibabu mjini Eldoret. Alivumilia, na hata baada ya dawa kali alihudhuria jumuiya na kuandaa chai yake mwenyewe. Guka alikuwa hamwoni tena, lakini aliketi karibu naye na kumshika kisigino, kwa sababu alisema ndicho kilichokuwa baridi siku zote.

Mwezi wa Agosti mwaka huu Nduta alikuwa akitafuta karatasi za bima kwenye mkoba wa zamani. Alikuta barua ya daktari, akaisoma kwa sauti, pamoja na tarehe, kabla ya kuelewa anachokisoma. Ilikuwa ya tarehe 18 Aprili 2023. Ilisema ugonjwa umesambaa, kwamba dawa zinaweza kumpa muda lakini haziwezi kuuondoa, na kwamba mgonjwa ameomba kuanza matibabu mwezi wa Julai.

Guka alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alisema, "Aprili? Sisi tulienda Juni."

Hakumwuliza mkewe. Alisema mgonjwa hahojiwi. Lakini ametuuliza sisi, Kizito, Nduta na wengine, na tangu msiba uingie nyumbani ameuliza zaidi: mbona alinificha? Aliogopa ningemwacha? Alidhani sitaweza kubeba? Wanaomfahamu Guka wanajua hilo ndilo linalomkosesha usingizi wiki hii, kuliko kifo chenyewe.

Mama Wilkista alifariki nyumbani Kiminini Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Alikuwa amepokea sakramenti siku iliyotangulia. Familia inawashukuru wauguzi, akina mama wa jumuiya waliokuja kwa zamu, na jamaa wa Sirisia na Myanga waliofika bila kuitwa.

Ameacha mume wake, Mzee Waithaka. Watoto wake Kizito Muigai na Nduta. Mkaza mwana wake Gathoni. Kakake Mzee Wanjala. Na wajukuu watano, mmoja wao akiwa na jina lake.

Mjukuu huyo ndiye aliyeandika maneno haya. Alasiri moja ya Oktoba alikuwa peke yake na Kukhu, akimsomea gazeti, na akamwuliza swali lile la Guka. Ndilo swali pekee aliloweza kumwuliza kuhusu ugonjwa wake. Alipomweleza Guka juzi kwamba jibu lipo, Guka aliinua mkono. "Usiniambie hapa jikoni," alisema. "Kama aliisema kwa mdomo yake, soma siku ya mazishi. Nitasikia pamoja na watu."

Tunamrudisha kwa Muumba wake kwa shukrani, na tunaomba shamba hili limlaze taratibu.

Guka, swali lilikuwa hili: "Kukhu, mbona hukumwambia Guka kabla hamjaenda?"

Alijibu, "Ningemwambia, angeniangalia mimi tu."