Bikoni Tuliyosogeza Kule Tongaren

Ndugu zangu wa Kitale, na wageni wetu mliotoka Bungoma, Bwana ametufikisha asubuhi hii, na asifiwe. Mimi mnanijua. Shule niliacha darasa la tatu na sijawahi kuililia. Nilianza kwa kubeba magunia ya mahindi sokoni, nikanunua ploti moja, nikauza, nikanunua nyingine, mpaka nikafungua ofisi yangu ya kuuza mashamba hapa mjini. Kwa hivyo nikisema Mungu ameniokoa, msidhani ni mtu mvivu anaongea. Na aliniokoa kupitia mtu niliyemwandika kazi.

Zamani mtu akija kuomba kazi kwangu, mtihani ulikuwa mmoja. Navua kofia yangu, naweka mezani, namwambia, "Niuzie." Mwenye mdomo mwepesi ndiye niliandika. Ofisi ikajaa watu wa kuongea. Wanaongea mpaka mwenye shamba anachoka, anakubali. Lakini ndugu zangu, shamba si sukari. Muuzaji lazima asimame mbele ya bodi ya ardhi, aulizwe kwa mdomo wake, umekubali? Hapo ndipo mwenye shamba anaangalia chini, anasema hapana, na mauzo yanakufa. Yalikufa hivyo msimu mzima, mpaka likabaki shamba moja la Tongaren. Hilo nalo likikataa, nafunga ofisi, narudi kwa magunia na mvi zangu.

Lilikuwa la mjane mzee, tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Alitaka kuuza kipande cha chini ajenge nyumba isiyovuja, na mwalimu mmoja alikuwa tayari kununua. Nyumbani Kukhu alisema sawa. Mbele ya bodi akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Tukaambiwa turudi kikao kijacho, na mwalimu akasema akija bure tena anatafuta kwingine.

Wafula, yule wangu wa mdomo kabisa, akaenda kumwona. "Kukhu, si unataka nyumba? Mwalimu anangoja, bana. Sema tu ndio, maneno yaishe."

"Mjukuu wangu," Kukhu akamwambia, "kunywa uji uende."

Wafula akakataa kurudi huko.

Wiki hiyo ndiyo Wanjiku alikuja kuomba kazi. Ni mama wa makamo, watu wake walitoka upande wa Kati zamani wakalima Endebess. Kazi aliyozoea ni kukaa na wafiwa, alikuwa anatumwa na kanisa. Nikavua kofia, nikaweka mezani. "Niuzie."

Akaigeuza, akaangalia ndani. "Mzee, hii imeshonwa kwa mkono, na imerudiwa. Nani ameshona?"

"Bibi yangu. Sasa itauzwa ama haiuzwi?"

"Kwanza bibi yako akubali."

Nilikasirika, halafu nikacheka. Nikamwandika kwa sababu sikuwa na mwingine wa kutuma.

Tulipofika Tongaren, mimi na surveya tukaenda moja kwa moja kuangalia bikoni, zile nguzo za mpaka, vile tumezoea. Wanjiku hakutufuata. Kugeuka, namwona ameketi kwa gunia kando ya Kukhu, anapukuchua mahindi. Hata swali haulizi.

"Wanjiku, tumekuja kazi," nikamwita.

"Niko kazini, Mzee."

Beseni lilipojaa, Kukhu aliinuka mwenyewe, akamshika mkono, wakashuka mpaka kipande cha chini. Tukafuata. Akasimama hatua chache ndani ya bikoni, upande wa kuuzwa, mahali penye nyasi tu. Hapana msalaba, hapana jiwe.

"Huyu ni Nekesa wangu," akasema. "Hakufika hata kuketi. Baba yake alisahau mahali, mimi sikusahau. Sasa trekta ya mwalimu itapita hapa."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze mambo ya mipaka. Wanjiku akachuchumaa, akashika zile nyasi. "Mama, alifanana na nani?"

Kukhu akacheka, ndugu zangu. "Si ni mimi! Masikio ni haya haya yangu."

Nikamwambia surveya asogeze bikoni, Nekesa abaki upande wa mama yake. Mwalimu alipoelezwa hakubishana, alisema hata yeye asingeweza kulima hapo. Siku ya bodi Kukhu aliulizwa, akajibu "Ndio" kwa sauti mpaka karani akainua kichwa. Ofisi yangu ikapona. Lakini huo si ushuhuda wangu bado.

Tukirudi Kitale, Wanjiku aliniuliza polepole, "Mzee, kule kwa kaburi ulivua kofia ukaishika kifuani. Wako anaitwa nani?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Kifungua mimba wetu alikufa kabla ya shingo yake kukaza, tukamzika nyumbani, karibu na Kibabii. Wazee wakaniambia mwanaume hamlilii mtoto mchanga. Tukahamia huku, Mungu akatupa Simiyu, na watu wakamwita bibi yangu Mama Simiyu. Jina la yule wa kwanza likafungwa kabisa. Nilimwambia Wanjiku anaitwa Nafula, na nikasikia kifua kinaniachilia.

Nikafika nyumbani, nikavua kofia, nikaketi. Nikamuuliza bibi yangu, "Nafula alifanana na nani?"

Aliniangalia mpaka nikaogopa. "Wewe," akasema. "Paji la uso hilo la ubishi. Nimekuwa nikingoja uniulize." Tukalia sisi wawili, wazee wazima, chai ikapoa mbele yetu. Hapo ndipo Yesu alinifungua. Asante Yesu.

Siku hizi mtihani wa kofia umeisha. Anayetaka kazi kwangu nampeleka kwa boma la mtu, naangalia. Akikimbilia bikoni kabla ya kusalimia mama wa boma, namrudisha kwao. Kuongea naweza kumfundisha. Kusikia mtu, huko sijui kufundisha, ni lazima aje nako.

Na wewe umekaa hapo na jina ambalo hakuna mtu amekuuliza, mpe Yesu leo. Yeye analijua tayari, anangoja ulitaje. Bibi yangu ndiye yule wa kitambaa cheupe, benchi la tatu. Mkimsalimia mkitoka, msimwite Mama Simiyu. Mwiteni Mama Nafula. Ataitika.