Mama Pindo na Nyaya za Pikipiki

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, tega sikio moja, jingine liachie barabara. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa kitandani kwake, nyumbani kwake. Nasema nyumbani kwake, na nitalirudia hilo, kwa sababu alilipigania.

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Gauni lake hata uligeuze ndani nje, huoni uzi unaoning'inia. Suti niliyoolea aliishona yeye, na aliniambia wazi mbele za watu kwamba mabega yangu hayalingani.

Mumewe alipofariki, watoto walikutana. Wako wawili, binti mkubwa na kitindamimba wa kiume. Wakaamua mama asikae peke yake. Nyumba iuzwe, kibanda cha kushonea kifungwe, mama ahamie kwa binti. Nia yao ilikuwa njema, jamani. Ila hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Uani kulikuwa na pikipiki ya marehemu mumewe, kuukuu, ya zamani kuliko kitindamimba. Nyaya zake zote zilikuwa zimeoza: waya wa klachi, wa breki, na wa mafuta, ule unaoiamuru injini iongeze mwendo. Mama Pindo akawaambia wanawe, "Nikiitengeneza hii kwa mikono yangu, nikaiendesha mpaka sokoni kuchukua vitambaa, mtaniacha kwangu. Nikishindwa, nafunga mizigo bila kununa." Binti akakubali upesi. Mama yake alikuwa hajapanda hata baiskeli.

Kuendesha alifundishwa na fundi pikipiki wa pale kona, kwenye uwanja wa mpira, kwa pikipiki ya fundi. Huko hakuteseka sana. Shida ilikuwa nyaya.

Anayeijua kazi hutoa waya mmoja, akaweka mpya palepale ulipopita wa zamani, ndipo akagusa wa pili. Mama Pindo alizifumua zote kwa mkupuo, kama anavyofumua gauni la kurekebisha. Akabaki na nyaya mpya mkononi, hajui upi ulipita wapi. Fundi akamwonea huruma, akataka kumsaidia. Mama Pindo akamfukuza. Makubaliano ni makubaliano.

Kosa la pili ndilo lililotaka kumtoa nyumbani. Alizipitisha nyaya chini ya tangi, zimenyooka, zimebana, akazifunga kwenye fremu kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo. Kitindamimba anasema, "Ilipendeza. Ungeweza kuivaa."

Siku ya jaribio watoto wakaja. Injini ikawaka, mama akatabasamu, akaenda taratibu hadi getini. Akakata kushoto. Pikipiki ikanguruma yenyewe, wala hakuiongezea mafuta, ikaruka naye mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wakamkuta amekaa chini, mzima, shuka kichwani. Binti alilia. Akasema imetosha, mama akafunge mizigo. Mama Pindo akaomba muda mpaka mwisho wa mwezi. Akapewa, shingo upande.

Kila asubuhi aligombana na ile pikipiki. Haelewi. Akaanza, kimyakimya, kukunja nguo zake sandukuni. Aliogopa, wasikilizaji. Tuseme ukweli, aliogopa sana.

Halafu mteja akaja kujaribu blauzi. Ilimkaa vizuri ajabu. Mama Pindo akamwambia ainue mkono. Blauzi nzima ikapanda, kiuno kikabaki wazi. Kwapani hapakuachwa nafasi. Fundi wa miaka yote ile, kosa la mwanagenzi! Akalitazama lile kwapa. Kisha akatoka mbio, akamwacha mteja amesimama na pini zake mwilini.

Uani akageuza usukani kushoto, polepole. Akauona waya wa mafuta ukivutika. Kila usukani ulipogeuka, waya ulikazwa, na injini ikadhani imeamriwa kukimbia. Akachukua mkasi, akakata mafundo yote. Akaupitisha waya kwa mzunguko mpana shingoni mwa usukani, akauachia mkunjo wa kutosha. Klachi vilevile. Breki vilevile. Safari hii haikupendeza hata kidogo.

"Nilimsikia kabla sijamwona," binti ametusimulia. "Akapita mbele ya dirisha langu, vitambaa vimefungwa nyuma, wala hakusimama. Alipiga honi tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona aibu, kwa sababu tulikuwa tunampenda kwa kumkaba."

Tangu siku ile hakuna aliyetaja tena kuuza nyumba. Miaka mingi aliishi kwake, akashona kwake, akaenda sokoni mwenyewe. Na mauti yamemkuta kwake.

Kwa binti, kwa kitindamimba, kwa wajukuu na kwa fundi wa pale kona, sisi hapa studioni tunawapa pole nyingi. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama bado mna mzazi, mkimtembelea msiishie kumuuliza kama amekula na kama amemeza dawa. Muulizeni anataka kujifunza nini. Binti alimuuliza mama yake swali hilo mwaka huu huu, mama akiwa kitandani, hata kukaa hawezi. Mama Pindo akafikiri kidogo.

"Kuogelea," akasema.

Hakujaliwa. Binti amejiandikisha kwa niaba yake, anaanza Jumamosi. Ana mvi kichwani, na anaogopa maji tangu utotoni. Nimemwahidi nitakuwepo pembeni, kumpigia makofi.