Nahodha Saad Bilali Aachia Mkono wa Mashine

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bw. Saad Mrisho Bilali, nahodha mkuu wa ushirika wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliingia Ushirika wa Wavuvi Nuru ya Kibirizi mwaka 1991 kama mvuta wavu, akawa msaidizi wa nahodha, kisha nahodha, na mwishowe msimamizi wa boti zetu zote. Anaondoka akiwa na bega la kulia lililoshuka kidogo kuliko la kushoto. Asiyejua amefanya kazi gani maishani amtazame kwa nyuma akitembea.

Amezaliwa Ujiji, kwa baba muuza vitenge aliyetaka mwanawe arithi duka. Saad alikaa dukani msimu mmoja. Anasema kitenge hakiendi popote mpaka mtu akichukue, na yeye alitaka kitu kinachokwenda. Wageni hushangaa wakisikia kwamba mtu aliyelisha nusu ya mji dagaa hali dagaa hata mmoja. Safarini hubeba maharage. Na mashine ya boti haiwashi kabla hajaisalimia. Tumezoea.

Kwa ukali wake tunashukuru wote. Ndiye aliyeweka sheria kwamba boti haitoki kama kuna mtu hajavaa jaketi la kuokolea. Mwaka fulani Mwenyekiti wetu, Mama Clementina, alikuwa anakwenda Kagunga kikazi na hakutaka kuvaa jaketi kwa sababu lingemkunjia gauni. Saad alimwambia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwenyekiti, na kwaheri," akaondoa boti. Mama Clementina alisafiri kesho yake, na jaketi lilikuwa limefungwa hadi kidevuni.

Lakini mwaka utakaokumbukwa ni huu wa mwisho, kwa sababu ya swali moja: boti mpya tuliyoagiza kwa fundi iongozwe vipi?

Boti zetu zote zimeongozwa kwa mkono wa mashine. Nahodha hukaa nyuma kabisa, hushika mkono uliotoka kwenye mashine yenyewe, huusukuma huku na huku kupinda, na huuzungusha kwa kiganja kuongeza mwendo. Njia ya pili ni usukani wa gurudumu kama wa gari, uliofungwa kwenye meza ambayo nahodha husimama nyuma yake, na waya hupita chini ya sakafu mpaka kwenye mashine. Fundi alitaka jibu kabla ya kuweka sakafu. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Kila mtu alidhani anajua jibu la Saad. Kwa miaka yote amesema usukani ni wa watu wanaotaka kupigwa picha. Mkono wa mashine hauna waya wa kukatika, haumlii mtu nafasi, na boti inabaki wazi kutoka mbele hadi nyuma kwa ajili ya wavu na dagaa.

Tatizo lilikuwa Erick. Huyu ni msaidizi wake wa miaka mingi, na Saad hakuwahi kuficha kwamba ndiye atakayemrithi. Miaka miwili iliyopita kamba ya wavu ilimbana Erick mkono wa kulia kwenye ukingo wa boti. Vidole vilipona lakini havifumbi tena. Tukamhamishia ufukweni kupima dagaa. Alipima vizuri, bila kumtazama mtu usoni, na habari ya unahodha ikaacha kutajwa. Alishajaribu kuongoza kwa mkono wa kushoto. Ziwa likiwa shwari aliweza. Mawimbi yakija, mkono mmoja hushika mashine na mwingine hushika boti, na yeye hakuwa na wa pili.

Kwa usukani angeweza: mkono wa kushoto kwenye gurudumu, na mpini wa mwendo husukumwa kwa kiganja tu, hauhitaji vidole. Kwa hiyo tulipokaa kikao cha Februari kuzungumzia boti, sote tulijua tunazungumzia maisha ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango.

Erick ndiye aliyeanza. "Nahodha, usininunulie usukani kama mtu anayepeleka sukari msibani."

Saad akamjibu bila kuinuka, "Nani kakwambia mimi nina huruma? Tutajaribu. Usukani ukizuia kazi, au ukikushinda, wewe unarudi kwenye mizani yako, na boti inakuwa ya mkono wa mashine. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kesho njoo na viatu vya kulowa."

Hapo ndipo tulipomwona Saad vizuri zaidi kuliko miaka yote. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani kwa taa; mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, na boti zinapumzika. Siku hizo kila nahodha hulala. Saad alitumia siku hizo. Alitaka kujua jambo moja kwanza: je, meza ya usukani itawazuia watu kuvuta wavu? Michoro ilikuwepo, lakini mchoro haukanyagwi wala haukwazi mtu. Akatafuta kitu chenye kimo na upana wa meza hiyo, akakipata nyumbani kwake. Lilikuwa kabati la vyombo la mkewe, Bi. Mwamini.

Likafungwa kwa kamba katikati ya boti ya zamani, mahali palepale mchoro ulipoonyesha. Mchana kweupe, mbele ya wachuuzi wote wa Kibirizi, wanaume sita wakatoka na kabati, wakashusha wavu mtupu, wakauvuta, wakaushusha tena.

"Jamani, leo mnahama au mnavua?" mchuuzi mmoja alipaza sauti.

"Wanawapelekea samaki kabati, wapange vyombo!" mwingine akadakia.

Bi. Mwamini mwenyewe alifika ufukweni kabla ya adhuhuri. "Saad, sahani zangu ziko sakafuni kama za mgahawa uliofungwa. Nimeambiwa unakaribia kustaafu uvuvi. Sikuambiwa unahamia kwenye wizi wa makabati."

"Siku chache tu, mama."

"Likirudi linanuka, utalala nalo wewe."

Mvuto wa kwanza wavu ulikwama kwenye pembe ya kabati na kuchanika. Bonifasi, mzee wa Kagunga anayevuta wavu tangu kabla ya Saad, akatupa kamba chini. "Yewe, Saad! Hili lina meno. Litoe huko, tufanye kazi."

Wengi tulidhani mambo yameishia hapo. Erick alishaanza kufungua kamba za kabati kwa mkono wake mmoja, na aliyemwona alielewa kwamba anafungua na unahodha wake. Saad alimkataza. Aliwaambia kosa ni kuliweka katikati kwa sababu boti za kwenye picha zina meza katikati. Boti hizo hazivuti wavu wa dagaa. Akalisogeza nyuma kidogo, wavu ukapita lakini watu wakagongana. Akalisogeza upande wa kulia, akalifunga gunia kwenye pembe, akawabadilisha wavutaji nafasi zao. Walirudia hadi Bonifasi akaacha kulalamika na kubaki kununa tu. Muda wote huo Erick alisimama nyuma ya kabati, na kazi yake ilikuwa moja: kusema kwa sauti anachokiona mbele. Aliyesimama huona wimbi ambalo aliyekaa nyuma, pua ya boti ikiwa imeinuka, halioni. Hilo Saad alilikiri palepale, na alilikiri kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

Jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi. Aliazima kwa rafiki yake wa Ujiji boti yenye usukani, akampa Erick aiongoze hadi Kagunga na kurudi. Saad alikaa mbele kabisa, akampa mgongo. Kwenda kulikuwa kuzuri. Kurudi, ziwa likiwa limeanza kuchafuka, Saad alikwenda nyuma, akafungua waya wa usukani. Gurudumu likabaki linazunguka bure.

"Nahodha, umefanya nini?"

"Waya umekatika. Turudishe nyumbani."

Aliporudi kukaa mbele, hakugeuka. Erick alitukana kidogo, kisha akapunguza mwendo na kumwita nyuma Bonifasi, aliyekuwa amepanda nao. Walikuwa wamebeba kipande cha bomba. Bonifasi akakichomeka kwenye mashine na kuisukuma kwa nguvu za mwili, na Erick, akiwa amesimama na mpini wa mwendo kiganjani, akamwongoza kwa sauti.

"Kushoto, mzee! Kidogo! Nimesema kidogo!"

"Kidogo ya wapi? Ya Kigoma au ya Kagunga?"

"Ya mtu anayetaka kufika!"

Walifika wamelowa. Bonifasi alisema hajawahi kufokewa vile na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga fundo. Hakusema kwa hasira.

Katika kikao cha Aprili Saad alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono usukani. Alisema, na katibu ameandika, "Nimeushika mkono wa mashine miaka mingi nikadhani naupenda. Nilikuwa nimeuzoea." Akataka meza nyembamba, upande wa kulia, pembe za mviringo, na bomba la dharura lisitoke kwenye boti kamwe. Bonifasi alipiga kura ya kukataa. Alisema meza italiwa na nafasi ya ndoo kadhaa za dagaa, kisha akajirekebisha kwamba meza ndiyo itakayokula. Ni kweli imekula. Tumekubali.

Boti ilishushwa majini mwezi Mei, Erick akiwa nahodha.

Wiki ya tatu ya Juni boti hiyo ilitoka alasiri ikarudi kabla ya jua kuzama, haina hata dagaa mmoja. Erick alisema hakulipenda wimbi la kusini. Boti nyingine ziliendelea. Upepo ulivuma usiku huo, si sana. Nyingine zilipata, nyingine zilirudi na nyavu zilizochanika. Lakini saa ile hakuna aliyejua hayo. Ufukweni kulikuwa na kina mama na ndoo tupu, na maneno yalikuwa makali. Mmoja alisema nahodha mpya ni wa mchana, apewe basi kazi ya kuvusha abiria.

Erick alishuka majini, akaja moja kwa moja alipokuwa Saad. "Nahodha, nimekosea?"

Saad angeweza kumtetea. Ufukwe wote ungemsikiliza. Badala yake alimwambia, "Unaniuliza mimi? Nahodha ni wewe. Nenda kawaambie hao kina mama kesho mnatoka saa ngapi."

Erick akageuka, akawaendea, akawaambia.

Nahodha Saad, wafanyakazi na wanachama wote tunakushukuru kwa watu uliowarudisha nchi kavu wazima, na kwa kutokubali jibu ambalo hukulijaribu, hata lilipokuwa lako mwenyewe. Mungu akupe afya, akupe siku ndefu za amani pale Ujiji pamoja na Bi. Mwamini na wajukuu. Ukitamani ziwa, karibu wakati wowote. Utapanda kama abiria, na Erick atakuonyesha pa kukaa.